Mgeni wa Saa Tisa ya Usiku

Mtu aliyefikwa na wazo la kujitoa uhai aghalabu halipeleki kwa mama yake, wala kwa ndugu anayelala naye chumba kimoja. Hulipeleka kwa watu ambao hajapata kuwaona kwa macho, waliomo katika simu yake ya mkononi kwa majina ya kubuni na picha za maua, ambao kesho akipishana nao sokoni hatawatambua wala wao hawatamtambua. Jambo hili huwastaajabisha wazazi na kuwatia uchungu. Baba hupata habari baada ya siku nyingi, ama kwa kinywa cha jirani ama kwa kuishika mwenyewe simu ya mwanawe, kwamba watu wa miji asiyoijua walikwisha kuyafahamu yaliyokuwa yakimsibu kijana wa nyumbani mwake, naye aliyekuwa akila naye sinia moja hakufahamu kitu. Hapo huona kama aliyeibiwa, akauliza kwa nini siri ya nyumba ilipita mlangoni ikawaendea wapita njia.

Sababu haiko mbali. Mgeni hana daawa juu ya mtu. Hakumlea, hakumlipia karo, hakumposea mke, wala hangoji kusaidiwa naye uzeeni. Kwa hiyo akiambiwa na mtu kwamba amechoka kuishi, hawezi kumwuliza ni shukrani gani hiyo anayoirudisha kwa waliomzaa. Tena mgeni hasahaulishwi kazi na maneno hayo, wala kesho yake hatamtazama msemaji kwa jicho la mashaka kila achelewapo kurudi nyumbani. Jamaa, kwa sababu ya mapenzi yao wenyewe, ni watu wa kuogopwa: neno likimfikia mama litamfikia shangazi, na likimfikia shangazi litafanyiwa kikao, na katika kikao hicho kila mtu atapewa nafasi ya kusema ila yule mwenye dhiki. Sisi ndio tusemao kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na sisi hao ndio tuliowafunza watoto wetu kuficha.

Fauka ya aibu ilikuwako sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mtenda jinai, astahiliye kufungwa hadi miaka 2. Asili ya kifungu hicho ni Uingereza, kilikotoka pamoja na mawigi ya mahakimu, na Uingereza yenyewe iliifuta jinai hiyo mwaka 1961, miaka miwili kabla Kenya haijapata uhuru wake, nasi tukaendelea kuulinda urithi ambao mwenyewe alikwisha kuutupa. Hata tarehe 9 Januari 2025, ndipo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Tanzania na Uganda nazo zilirithi vifungu vya jinsi hiyohiyo. Basi mtu ambaye akisema hadharani anaogopa polisi, na akisema kwa watu wa dini anaogopa kuambiwa kwamba maiti yake haitasaliwa (ilhali wanazuoni wengi wa Kiislamu wameona kwamba husaliwa kama maiti nyingine za Waislamu, neno ambalo lafaa kutajwa mimbarini mara nyingi zaidi kuliko litajwavyo), mtu huyo aseme wapi?

Haja ya mgeni wa kuambiwa haikuzaliwa na intaneti. Chad Varah alikuwa kasisi wa Kianglikana katika Uingereza, na mazishi ya kwanza aliyoyaongoza, mwaka 1935, yalikuwa ya msichana wa miaka 14 aliyejiua kwa sababu, alipoanza kuingia mwezini, alidhani amepatwa na ugonjwa wa zinaa, na hakuona mtu wa kumwuliza. Kasisi yule kijana hakupata kulisahau kaburi hilo. Miaka 18 baadaye alipewa kanisa la St Stephen Walbrook, katikati ya London, mahali pa mabenki na ofisi ambapo watu hufanya kazi mchana na kuondoka jioni, kwa hiyo hapana waumini wengi wa kumshughulisha kasisi. Akaona kwamba hapo ndipo pa kufanyia lile lililokuwa moyoni mwake. Alitaka nambari ya simu ambayo mtu aliyechanganyikiwa ataweza kuikumbuka, akaazimia kuiomba MAN 9000, herufi zile tatu zikiwa kifupi cha Mansion House, jina la kituo cha simu cha mtaa ule. Mwenyewe alisimulia kwamba alipoipangusa vumbi simu iliyokuwamo kanisani, aliona nambari iliyoandikwa juu yake ni hiyohiyo. Simu ya kwanza ya mtu mwenye kukata tamaa ikapokelewa hapo tarehe 2 Novemba 1953.

Kisa chenyewe, kwa maoni yangu, kimo katika miezi iliyofuata. Watu walikuja wengi kuliko alivyoweza kasisi mmoja kuwasikiliza, wakawa hawana budi kungoja zamu, na watu waliojitolea kumsaidia wakawa wakiwapa wangojao chai na kahawa ili wasikae bure. Varah akaanza kuona jambo asilolitazamia: wengi wa wageni wale, wakishakunywa chai na kuzungumza na yule aliyewaletea kikombe, waliondoka wakaenda zao bila haja ya kumwona yeye, nyuso zao zimekunjuka. Mtu mwingine angaliona kwamba amepunguziwa heshima. Yeye, mwezi Februari 1954, aliwakabidhi watoa chai kazi yote ya kusikiliza, akabaki na kazi ya kuwachagua na kuwaongoza, na jumuiya hiyo, ambayo gazeti moja la London lilikwisha kuibandika jina la Wasamaria, ikawa mama wa jumuiya nyingi za jinsi hiyo duniani, Befrienders Kenya ikiwa mojawapo.

Kisa hiki hupendwa kusimuliwa kama ushahidi kwamba wema wa mtu wa kawaida watosha. Hakisemi hivyo. Yule mleta kikombe alikuwa amechaguliwa, na waliokosa tabia ya kazi hiyo waliambiwa kwa adabu wasirudi. Alikuwa amefunzwa kunyamaza, jambo gumu kuliko kusema. Na hatua chache nyuma yake palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango palikuwa na mtu wa kupelekewa lile lililomshinda. Mgeni alikuwa mgeni kweli kwa yule mwenye dhiki, lakini hakuwa peke yake.

Mgeni asiye na mlango nyuma yake anaweza kuwa mtu yeyote, na Japani ilionyeshwa jambo hili kwa namna ya kutisha. Mwaka 2017 kijana mmoja, Takahiro Shiraishi, aliyekuwa akikaa katika chumba cha kupanga huko Zama, mji usio mbali na Tokyo, alikuwa akitafuta katika Twitter watu walioandika kwamba hawataki tena kuishi. Aliwajibu kwa upole. Aliwaambia kwamba anawaelewa, kwamba hata yeye yu katika hali hiyo, kwamba atawasaidia au watakufa pamoja. Baina ya Agosti na Oktoba aliwaua watu 9, mdogo wao akiwa na miaka 15 na mkubwa wao 26. Mawakili wake walidai mahakamani kwamba marehemu waliridhia kufa. Mwenyewe alikiri kwamba hawakuridhia, na mahakama ikalikataa dai la mawakili, ikamhukumu kifo mwezi Desemba 2020, na hukumu ikatekelezwa tarehe 27 Juni 2025.

Watu waliposoma habari hizo walizungumza zaidi juu ya unyama wa mwuaji, na haki yao. Lakini liko jambo jingine katika kadhia hiyo ambalo halikuzungumzwa kwa kadiri linavyostahili. Wengi wa vijana wale waliandika kwamba wanataka kufa. Wakajibiwa na mtu aliyesema anawaelewa. Wakaondoka majumbani mwao, wakapanda treni, wakaenda kumwona. Anayefunga safari kwenda kuonana na mtu anayemwelewa bado anatafuta kitu kwa walio hai. Na hata kukamatwa kwa mwuaji kulitoka kwa wageni wa mtandao uleule: kaka wa mmoja wa waliouawa aliingia katika akaunti ya dada yake aliyepotea, akawaomba watu asiowajua wamsaidie kumtambua yule aliyekuwa akisemezana naye, na mwanamke mmoja akajitokeza, na kwa msaada wake polisi wakaufikia mlango wa Zama.

Serikali ya Japani ingaliweza kukomea katika kukemea mitandao. Mwaka 2018 ilianza kuzigharimia jumuiya za kusikiliza ili zijibu kwa maandishi, katika programu zilezile ambazo vijana walikuwa wakizitumia, kwa kuwa kijana wa leo, Tokyo kama Temeke, huona haya kupiga simu kwa sauti ilhali ndugu zake wamelala upande wa pili wa ukuta. Hata wale Wasamaria wa London walikwisha kuanza kujibu kwa barua pepe tangu mwaka 1994, wakati ambapo wengi wetu hatujaiona kompyuta.

Na kwetu je? Natuitazame kwa karibu hali ilivyo. Katika kundi la watu mia tatu, ambalo lilianzishwa kwa ajili ya kuuziana nguo au kujadili mpira, mtu mmoja anaandika usiku wa manane: jamani, mimi basi, nimechoka, mnisamehe niliowakosea. Wa kwanza anajibu pole sana, akaweka na picha ya mikono iliyofumbatana. Wa pili analeta aya, wa tatu Zaburi. Wa nne anasema huyo anatafuta huruma, mwacheni. Wa tano hasemi kitu, ila anaipiga picha ile habari na kuipeleka katika kundi jingine, ambako itasomwa na watu wanaomfahamu mwandishi wake. Pengine, na si kila mara, yuko wa sita, ambaye anamwandikia mwenzake faraghani: ndugu yangu, uko wapi sasa hivi, uko na nani, je, unafikiria kujiua?

Wengi wataliona swali hilo la mwisho kuwa la kikatili, na watachelea kwamba kulitaja neno ni kulipanda. Wajuzi wa afya ya akili wamelichunguza jambo hili na hawakuona kwamba kuuliza kwa uwazi humtia mtu wazo asilokuwa nalo; aghalabu humtua mzigo, maana kwa mara ya kwanza amekutana na mtu asiyelikimbia neno lake. Baada ya swali huja kusikiliza, kisha hadhari: kujua kama ameshaazimia namna na wakati, kuhakikisha kwamba chochote cha kumdhuru kinaondolewa karibu naye, kumtafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana mpaka kuche, na kumfikisha kwa tabibu. Wala msikilizaji asiahidi siri isiyo na mpaka. Siri ni amana, nami siipuuzi, lakini maisha ya mtu nayo ni amana, na iliyo kubwa zaidi, na aliyepokea zote mbili anaweza kumwambia mwenzake tangu mwanzo, bila hila, kwamba ikibidi atamwita mtu.

Neno bila hila nimeliweka kwa makusudi. Mwezi Oktoba 2014 Wasamaria wenyewe, pamoja na busara yao yote, walitoa programu iliyokuwa ikiyachungulia maandishi ya watu katika Twitter na kuwaarifu wafuasi wao panapoonekana dalili za kukata tamaa, pasipo wenye maandishi kujua kwamba wanachunguliwa. Watu walilalamika sana, wengi wao wakiwa wenye maradhi ya akili na huzuni ambao ndio waliokusudiwa kusaidiwa, na baada ya siku chache programu ikasimamishwa. Huko Marekani, jumuiya ya Crisis Text Line, inayowajibu watu kwa ujumbe mfupi, ilijulikana mwaka 2022 kwamba ilikuwa ikiipatia kampuni ya biashara takwimu zilizochujwa kutoka mazungumzo hayo, ingawa majina yaliondolewa. Nayo ikaacha baada ya kufedheheka. Mwenye dhiki aliyemwendea mgeni kwa ajili ya stara akigundua kwamba amevuliwa stara, hamwendei tena huyo wala mwingine.

Sasa amezuka na mgeni asiye binadamu. Kampuni ya OpenAI ilieleza mwezi Oktoba 2025 kwamba katika watumiaji wa ChatGPT wa kila juma, sehemu ndogo kama 0.15 kwa mia, ambayo kwa wingi wa watumiaji hao huzidi watu milioni moja, huzungumza nayo maneno yenye dalili za wazi za kupanga kujiua. Mashine hailali na haichoki, na hiyo ndiyo sifa yake kwa mtu aliye macho peke yake. Lakini haiwezi kusimama ikaenda kugonga mlango wa jirani.

Kwamba neno la mtu wa mbali lina nguvu, ushahidi upo, na ulio mzuri kuliko wote naujua kutoka San Francisco. Jerome Motto, tabibu wa maradhi ya akili, alipokuwa askari katika Vita Kuu ya Pili alikuwa akipata barua kutoka kwa mwanamke ambaye alimfahamu kidogo tu, barua za mambo ya kawaida zisizodai kitu, naye hakusahau zilivyomfaa. Kuanzia mwaka 1969 aliwafuatilia watu waliolazwa hospitali kwa sababu ya huzuni kubwa au ya kutaka kujiua, na miongoni mwao akawapata 843 waliokataa kuendelea na matibabu. Kwa kura aliwagawa mafungu mawili. Fungu moja liliachwa kama lilivyo. Fungu la pili kila mtu akawa anaandikiwa barua fupi na yule aliyeongea naye hospitalini, ya kumtakia heri na kumwambia kwamba akipenda kujibu watafurahi, bila kumwuliza maswali wala kumhimiza arudi kutibiwa. Barua zilikuwa 24 katika muda wa miaka mitano, kila mwezi hapo mwanzo, kisha kwa nafasi zaidi. Katika miaka miwili ya kwanza, waliojiua miongoni mwa walioandikiwa walikuwa wachache kuliko miongoni mwa walioachwa.

Mistari michache, na hakuna aliyetakiwa kujibu. Nikifikiri ujumbe tunaotumiana kila Ijumaa na kila Jumapili, wa dua na wa picha za waridi, ambao wengi wetu tumekwisha kuuchoka, naona kwamba njia tunayo na desturi tunayo, ila ule ujumbe haumhusu mtu fulani. Umepelekwa kwa wote, na apokeaye anajua.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ndizo nchi zetu. Kenya ina simu ya Msalaba Mwekundu isiyolipiwa, nambari 1199. Watoto wa Kenya na wa Tanzania wana nambari 116. Ni kheri kubwa kuwa nazo, na msomaji mwenye dhiki hii leo, au aliye na mtu wake katika dhiki hii, asingoje kumaliza makala ndipo apige, na kama yuko mbali na simu hizo amwendee mtu yeyote aliye karibu au hospitali iliyo karibu. Lakini kila aliyefanya kazi ya kusikiliza anajua kwamba saa zenye wito mwingi ni zile ambazo wasikilizaji wamelala.

Wajapani waliliona hili. Mwezi Machi 2020 Koki Ozora, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Keio, ambaye mwenyewe ujanani alikuwa amefika ukingoni akaokolewa na mwalimu aliyemsikiliza, alianzisha jumuiya ya kujibu kwa maandishi saa 24, bila malipo na bila kumwuliza mtu jina. Usiku wa Tokyo ulipokuwa ukiwaelemea, aliwatafuta Wajapani wanaoishi ng'ambo, ambao kwao ni mchana, wakafunzwa na kushika zamu ya usiku wa nyumbani pasipo kukosa usingizi.

Nasi tunao watu wetu ng'ambo. Inapokuwa saa tisa ya usiku Mombasa na Tanga, Minneapolis ni jioni tu, watu wametoka kazini na wengine wanapika chajio. Toronto wamekwisha kula. Ndugu zetu wa Maskati hawatufai kwa zamu hii, maana kwao ni saa kumi ya alfajiri, nao wanataka kulala kama sisi. Lakini katika Marekani na Kanada wamo Waswahili waliosoma uuguzi, na wengine wanaoifanya kazi hiyo kila siku, wenye lugha, wenye kuujua mtaa na maneno yake, na walio mbali kiasi cha kutojulikana na shangazi wa mtu yeyote. Wanachokosa ni mtu wa kuwachagua na kuwafunza, na orodha ya zamu, na daktari mmoja wa hospitali ya maradhi ya akili ya Mathari na mmoja wa ile ya Mirembe watakaokubali kuamshwa usiku pale mleta kikombe atakaposhindwa.